Mgeni Aliyeshika Funguo

Wazee wetu wa Mwambao walituachia msemo usemao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba zetu zimejengwa juu ya msemo huo. Baraza iko nje kwa ajili ya mpita njia, chai huongezwa maji pindi mtu apigapo hodi, na kitanda cha mtoto hugeuka kitanda cha mgeni usiku ule ule bila ya mtoto kuulizwa. Wiki hii tumependa kuzungumza nanyi, ndugu wasomaji, juu ya nyumba moja ambamo mgeni aliingia kwa jina la uponyaji, akakaribishwa kwa kila heshima, na baada ya miaka michache wenye nyumba wakawa ndio wageni ndani yake.

Nyumba hiyo imo katika riwaya. Jina la riwaya ni The Family Upstairs, mwandishi wake ni Lisa Jewell, Mwingereza mzaliwa wa London, nayo ilichapishwa mwaka 2019. Mwaka 2022 ikafuatiwa na ya pili iitwayo The Family Remains. Jewell alianza uandishi mwaka 1999 kwa hadithi nyepesi za mapenzi, kisha akageukia hadithi za taharuki, zile zinazomfanya msomaji asiweze kuzima taa. Hofu iliyomo katika kitabu hiki haitoki kwa jini wala kwa mwizi aruka ukuta. Inatoka kwa mtu aliyeketi mezani, anayekula chakula cha mwenyeji wake huku akimweleza kwa sauti ya upole namna anavyopaswa kuishi.

Tumekichagua kitabu hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wetu wanasoma hadithi za aina hii, wengine katika simu zao, na ni bora wazazi wajue kilichomo kuliko kukisia. Ya pili ni nzito zaidi. Mambo yaliyobuniwa humo yametokea kweli, karibu na kwetu, na wengi wetu tuliposikia habari zake tulitikisa vichwa tukiamini kwamba hayawezi kufika mlangoni petu.

Nyumba ya kando ya mto

Msichana aitwaye Libby Jones anaishi maisha ya kawaida katika mji wa St Albans. Ameajiriwa na kampuni ya kutengeneza jikoni za watu, amelelewa na wazazi waliomchukua akiwa mchanga, na hajui lolote juu ya wazazi wake wa damu. Anapotimiza umri wa miaka 25 anapokea barua ya mawakili. Barua inamwambia kwamba amerithi jumba kubwa katika mtaa wa Cheyne Walk, eneo la Chelsea, kando ya mto Thames, mahali ambapo nyumba moja huuzwa kwa mamilioni ya pauni.

Furaha ya urithi haidumu. Libby anagundua kwamba alipokuwa mtoto wa miezi kumi, polisi waliingia katika jumba hilo na kumkuta ndani ya kitanda chake, msafi, ameshiba, ametunzwa vizuri. Chini yake, jikoni, kulikuwa na maiti za watu wazima watatu waliovaa nguo nyeusi. Watoto wakubwa waliosemekana kuishi mle hawakuonekana tena. Nani aliyemlisha mtoto yule wakati watu wazima wamekwisha kufa? Swali hilo ndilo linaloisukuma riwaya yote.

Hadithi inasimuliwa kwa njia tatu. Kuna Libby anayetafuta asili yake. Kuna Lucy, mama asiye na makazi katika mji wa Nice, Ufaransa, anayepiga fidla barabarani ili awalishe watoto wake wawili. Na kuna Henry, aliyekuwa mtoto katika jumba lile, ambaye anatusimulia yaliyotokea ndani kabla ya milango kuvunjwa. Mwisho wa kisa hatutausema, kwani si adabu kumnyang'anya msomaji safari yake. Tutasema tu juu ya mlango: jinsi ulivyofunguliwa, na jinsi ulivyofungwa.

Hatua kwa hatua

Wazazi wa Henry hawakuwa wajinga, na hili ni jambo la kwanza tunaloomba lizingatiwe. Walikuwa watu wenye jina na nyumba yao ilijaa vitu vya thamani. Lakini walikuwa wamechoka. Baba alikuwa amedhoofishwa na maradhi ya kiharusi, na fedha za urithi alizozitegemea zilikuwa zikipungua. Mama alikuwa na huzuni isiyo na jina, akitafuta jambo la kuyapa maisha yake maana. Nyumba iliyochoka huwa kama jahazi lenye ufa: kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani maji yanapanda.

Aliyetangulia kuingia ni mwanamuziki mmoja aitwaye Birdie, aliyekaribishwa kwa siku chache. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Yeye akafungua njia kwa David Thomsen, aliyekuja na mkewe na watoto wawili, naye pia kwa ombi la kukaa muda mfupi mpaka apate makao. David alikuwa na sura nzuri na maneno matulivu, na alidai kuwa na ujuzi wa kutibu. Alimsaidia baba wa Henry katika udhaifu wake. Ni nani atakayemfukuza mtu anayemhudumia mgonjwa wake?

Kutoka hapo mambo yakaenda hatua kwa hatua. David akatoa ushauri juu ya chakula, ushauri ukawa amri. Akasema mali ndiyo chanzo cha dhiki, na vitu vya nyumba vikaanza kutoka kimoja kimoja, ikisemwa kwamba vinakwenda kwa wenye shida. Watoto wakaachishwa shule. Nguo za kila mtu zikawa za aina moja, nyeusi. Viatu vikaondolewa. Mwishowe milango ikatiwa kufuli, na funguo hazikuwa tena mikononi mwa wenyewe.

Msomaji hujikuta akipiga kelele moyoni: mtoe! Mtoe mtu huyu! Lakini mwandishi ametupangia mambo kwa ustadi hata tunapotaka kuonyesha siku ambayo wazazi wale walipaswa kukataa, hatuioni. Kila jambo lilikuwa dogo kuliko kishindo cha kulikataa. Na kila walipokubali dogo, kukataa lililofuata kulimaanisha kukiri kwamba lile la kwanza nalo lilikuwa kosa. Mwanadamu huona uzito mkubwa kukiri mbele ya watoto wake kwamba amedanganywa. Wengi huchagua kuendelea kudanganywa, kwa kuwa aibu ya kesho huonekana nyepesi kuliko aibu ya leo.

Mtoto aliyeona

Henry alikuwa na umri wa karibu miaka kumi na moja wageni walipoanza kuingia. Aliona yote. Aliona kiti cha baba yake kikikaliwa na mtu mwingine, aliona mama yake akimtazama mgeni kabla ya kujibu swali, aliona mahali ambapo zamani palikuwa na picha ukutani pamebaki alama tu. Hakuna aliyemuuliza ameona nini. Baadhi ya wakubwa waliotambua kwamba mambo yamekwenda kombo waliondoka, nao walikuwa na miguu na nauli. Watoto hawakuwa na pa kwenda.

Hapa ndipo riwaya hii inapozidi kuwa kisa cha kutisha na kuwa kioo cha nafsi. Henry tunayemsikia amekuwa mtu mzima, na kadiri anavyosimulia ndivyo tunavyoanza kumtilia shaka. Anayo maneno matamu. Anajua kuficha. Anajua kumfanya msikilizaji amhurumie mahali ambapo pengine hakustahili huruma. Polepole tunatambua kwamba mtoto aliyefungiwa na mtawala wa nyumba aliusoma utawala ule kama mtoto mwingine anavyosoma juzuu, na sehemu yake ameihifadhi moyoni. Mwandishi hahubiri juu ya hilo, ameliacha lijionyeshe. Kwetu sisi tunaolea, hilo ndilo somo zito kuliko maiti tatu za jikoni: nyumba ya udanganyifu humdhuru mtoto, kisha humfunza.

Msomaji wa Mwambao akifika katikati ya kitabu atauliza swali ambalo pengine msomaji wa London halimjii haraka. Wako wapi watu wa nyumba hii? Yuko wapi ami yao, yuko wapi khalati? Jirani wa ukuta kwa ukuta hakuona kwamba watoto hawatoki tena asubuhi na mikoba yao? Jumba lile liko katika mtaa wa watu, magari yanapita mbele yake usiku na mchana, na ndani yake watoto wamefungiwa kwa miaka. Upweke wa namna hiyo unawezekana mjini kama unavyowezekana msituni.

Karibu na kwetu

Tumetaja msitu, na kila aliye katika Kaunti ya Kilifi amekwisha kujua tunakoelekea.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, wakakuta watu waliodhoofika kwa njaa na makaburi yasiyo na alama. Ufukuaji uliendelea kwa miezi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wapo waliokuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Familia zilipanga foleni Malindi kutoa sampuli za vinasaba ili zitambue watu wao, na haikuwa mpaka Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ilipokabidhiwa kwa jamaa wazike. Mhubiri Paul Nthenge Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yakiwemo ya mauaji bila kukusudia, ugaidi na ukatili kwa watoto. Walikana, na hukumu ni ya mahakama, si yetu. Mwaka 2025, kabla ya machozi ya Shakahola kukauka, miili mingine ikafukuliwa mahali paitwapo Kwa Binzaro, katika kaunti ile ile.

Hatuyataji haya ili kuwanyooshea kidole jirani zetu Wakristo, ambao ndio waliofiwa na ambao viongozi wao walilaani yaliyotendeka. Tunayataja kwa sababu hatua zilikuwa zile zile za jumba la Chelsea. Watu walifika wakiwa na dhiki za kweli. Waliambiwa waache shule na hospitali. Waliuza walichokuwa nacho. Walihama wakaenda mbali na jamaa zao, mahali ambapo sauti ilikuwa moja tu. Watoto walipelekwa na waliokuwa wakiwapenda. Na walikuwepo jamaa waliotafuta, waliouliza, waliopiga ripoti, kabla dunia haijalijua jina la msitu ule.

Wala sisi Waislamu tusijione tumesalimika. Zipo nyumba katika miji yetu ya Pwani ambamo mama aliamka asubuhi akakuta kitanda cha mwanawe hakikulaliwa, na habari iliyofuata ikatoka Somalia, au isitoke kabisa. Mara nyingi kijana yule alikuwa ameanza kwa darsa lisilotangazwa, kwa mwalimu asiyetaka kujulikana na maimamu wa mtaa, akiambiwa kwamba wazazi wake hawaijui dini vilivyo na kwamba siri ni sehemu ya ibada. Zipo pia nyumba ambamo mganga aliitwa kumsomea mgonjwa mara moja, akabaki kuamua nani aolewe, nani asizungumze na nduguye kwa kuwa eti ndiye mwenye husda, na shamba gani liuzwe. Haikuvunjwa milango, hakuna gazeti lililoandika, lakini udugu ulikatika na watoto wakakua hawawajui binamu zao. Jumba la Chelsea lina vyumba vingi, na kimojawapo kimo mitaani mwetu.

Moto, na mgeni wa Madina

Dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo katika jambo hili. Tunakumbusha visa viwili ambavyo vimo katika vitabu vya hadithi sahihi, tukivisimulia kwa maneno yetu.

Cha kwanza kimepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume wetu (s.a.w.) alituma kikosi, akakiwekea amiri na kuwaagiza watu wamtii. Njiani amiri yule akakasirika. Akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake, akiwakumbusha kwamba wameamrishwa kumtii. Wapo waliokaribia kuingia. Wenzao wakawazuia, wakisema kwamba walimkimbilia Mtume kwa kuuogopa moto, iweje sasa wauingie? Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira ya amiri ikatulia. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba lau wangeuingia wasingetoka humo tena, na kwamba utiifu ni katika mambo mema tu.

Tukitazame kisa hiki vizuri. Amiri yule hakuwa mtu aliyejiteua, aliteuliwa na Mtume mwenyewe. Hata hivyo cheo chake hakikumpa haki ya kuwaangamiza walio chini yake. Kama mipaka hiyo ilimhusu yeye, itakuwaje kwa mtu aliyejipa cheo sebuleni kwa watu? Tutazame pia kilichowaokoa. Haikuwa elimu nyingi. Ilikuwa kwamba walikuwa wengi, wakatazamana, mmoja akasema kwa sauti lile ambalo kila mtu alikuwa analiwaza. Mtu aliye peke yake mbele ya moto huingia. Ndiyo sababu jambo la kwanza analolifanya mwenye nia mbaya ni kuwatenga watu wasitazamane.

Kisa cha pili kimo katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha kwa udugu Salman na Abu Dardaa (r.a.). Siku moja Salman alimzuru nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amejiachia, hana mavazi ya mke anayeangaliwa. Akamuuliza, naye akamjibu kwamba nduguye hana haja na dunia. Abu Dardaa alipokuja alimuandalia mgeni chakula na kumtaka ale, akisema kwamba yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye, naye akala. Usiku Abu Dardaa alitaka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Usiku ulipokuwa mwishoni Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake, na watu wa nyumbani kwake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa alimhadithia Mtume (s.a.w.), naye Mtume akathibitisha kwamba Salman amesema kweli.

Huyu ndiye mgeni wa kuponya. Ameingia nyumba ya mtu mwema, aliyezidisha kwa nia njema, akaona jambo ambalo mwenye nyumba alikuwa haoni tena. Aliona kwa sababu alimtazama mke wa nyumba kwa huruma ya ndugu na akauliza. Hakuchukua funguo. Hakumwambia Abu Dardaa amfuate yeye. Alimrudisha kwa mkewe, kwa mwili wake na kwa Mola wake, kisha akaenda zake. David wa riwaya aliwaondoa watu wa nyumba kwa wenzao mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye peke yake kuwa njia ya kila mmoja. Tofauti ya wageni hawa wawili haiko katika ndevu wala kanzu, wala katika utamu wa maneno. Tuitafute katika yale wanayoyaacha nyuma yao: nyumba iliyoshikamana zaidi, au nyumba ambayo kila mtu anamwogopa mwenzake.

Tufanye nini?

Tunapenda kuweka mambo machache mbele ya kila familia, tukijianza sisi wenyewe.

Kwanza, turudishe ziara. Siku hizi tunatumiana salamu za Ijumaa kwa simu, picha ya maua na dua, na tunahesabu kwamba tumeunga udugu. Salamu ya simu haioni mtoto aliyekonda. Haioni kabati lililohamishwa. Ndugu aliyekaa miezi haonekani harusini, hazikani, wala Iddi, aendewe nyumbani, apigiwe hodi, anywe naye chai aliyemwendea. Suratun Nur imetufunza kubisha na kutoa salamu kabla ya kuingia, na kurudi tukiambiwa turudi. Tuheshimu adabu hiyo, kisha tuje tena wiki inayofuata. Anayetumia adabu ya hodi kama kisingizio cha kutobisha kabisa hakuielewa.

Pili, anayekuja kufundisha au kutibu nyumbani ajulikane. Amesoma wapi, kwa nani, maimamu wa mtaa wanamfahamu? Mwalimu mwema hachukii kuulizwa. Akisema kwamba elimu yake isifike masikioni mwa mume, au mwa mke, au mwa wazazi, hiyo yatosha kuwa jibu. Akigusa mali, karatasi za shamba au mahari ya binti, jambo hilo lifanyiwe mashauri na jamaa kabla ya kalamu kuguswa.

Tatu, tuwaulize watoto, na tuwaulize wakiwa faraghani, kwa upole, bila ya kuwarukia. Mtoto hasemi kwamba nyumba imetekwa. Husema kwamba hapendi mtu fulani anapokuja, au kwamba baba siku hizi haruhusiwi kukaa pale. Tusimnyamazishe kwa kumwambia kwamba amekosa adabu kwa mgeni. Ikiwa mtoto yuko hatarini, au anashindishwa njaa, au anazuiwa kwenda shule na hospitali, nambari 116 hupigwa bila malipo kokote nchini kwa ajili ya watoto, na mzee wa mtaa, chifu na polisi wapo. Kusitiri ni jambo jema. Kusitiri dhuluma juu ya mtoto si kusitiri.

Nne, na hili tunaliona gumu kuliko yote, tumwachie mtu njia ya kurudi. Wazazi wa Henry walinaswa na aibu kabla ya kunaswa na kufuli. Ndugu aliyepotezwa akijua kwamba siku atakayorudi atapokewa kwa kicheko na maneno ya tulikuambia, hatarudi. Akijua kwamba atawekewa sahani kama jana na juzi, huenda akarudi usiku mmoja, na watoto wake mkononi. Tumpokee kwanza. Maswali yana siku zake.

Neno juu ya kitabu chenyewe

Hatungependa wazazi waseme kwamba tuliwashauri wampe mtoto kitabu kisichomfaa. The Family Upstairs ni riwaya ya watu wazima. Ina mauaji, ina ukatili wa mume kwa mke, na ina mahusiano ambayo dini yetu haiyaridhii, ingawa mwandishi hakuyapamba. Si ya mtoto wa shule ya msingi wala wa kidato cha kwanza. Mzazi mwenye kijana mkubwa anayependa kusoma anaweza kuisoma kwanza yeye, kisha wakaizungumza pamoja, maana kitabu cha namna hii kikizungumzwa hufundisha, na kikifichwa huvutia.

Maswali ya mazungumzo hayo yako tayari. Ni siku gani wangeweza kukataa? Nani angeweza kubisha hodi? Henry alihitaji kusikia neno gani, na kutoka kwa nani? Na swali ambalo tumeliweka mwisho kwa kuwa halihusu Chelsea: miongoni mwa jamaa zetu, ni nyumba ipi ambayo hatujaiingia tangu Iddi iliyopita?

Jina lililokujia sasa hivi, ndugu msomaji, ndilo tulilokusudia. Baada ya swala ya Ijumaa, inshallah, upite kwao. Ukiwa na mkate wa mofa au kilo ya tende hutakuwa na haja ya kueleza kilichokuleta. Uketi, uwasalimie wote, hata wadogo, na ufungue macho kama alivyofanya Salman. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wageni wa kuponya, atuhifadhie nyumba zetu, na awarehemu watoto wote waliobisha kwa ndani na hakuna aliyesikia. Amin.